Hewa Safi ya Bariadi

Kitambaa kilikuwa cheupe tena.

Ndalahwa alikiweka kwenye mizani ya maabara pale Mwanza, akakitoa, akakirudisha, kama anayeibembeleza mizani imwonee huruma. Hakuna vumbi. Tangu awe mhandisi wa kemikali alikuwa amepima gesi na chembe za hewani hadi machimboni, hajakutana na hewa safi namna hii. Na ni hewa ya wapi? Ya Bariadi, ubavuni mwa jineri, kiwanda cha kuchambua pamba, ambako kuku mweusi hutoka asubuhi na kurudi jioni ana mvi.

Jineri hiyo ilifunguliwa na tajiri mmoja mara tu pamba ilipoachiwa wanunuzi binafsi. Nyuma ya ukuta wake aliishi Felisita, mama mkwe wa Ndalahwa, na kifua kilikuwa kinammaliza. Ndiyo maana Ndalahwa aliuweka mtambo wake wa kunyonya hewa uani pale: vumbi lionekane kwenye kitambaa, tajiri alazimishwe kulizuia.

Felisita ndiye aliyebadilisha kitambaa kila wiki na kukipandisha basi. Maelekezo alipewa na bintiye Kija, mke wa Ndalahwa, maana mkwe hasemezani na mama mkwe wake. Wakikutana njiani, mkwe anapinda kichakani kama mwizi wa mihogo.

Bosi wa Ndalahwa akasema: kikija cheupe kingine, mtambo unahamia Dar na habari ya Bariadi imekwisha. Ndalahwa akaufungua mtambo, akaufunga. Mzima. Akaanza kuwaza vibaya, akamuuliza Kija kama tajiri hajamhonga mama. Kija akahamia chumba cha watoto.

Cha mwisho alikifuata mwenyewe Bariadi. Alikikuta kimekunjwa vizuri juu ya kigoda, cheupe pee. Pikapu ya ofisi ikaondoka na mtambo. Ndani, mama alikohoa mpaka bati likaitikia.

Ndalahwa akaona heri aibu kuliko msiba. Akasimama mlangoni, amegeuza mgongo, akauliza vile vitambaa vilikuwa vinafanywa nini.

Kikohozi kikatulia. Kisha sauti ikatoka, nyembamba, yenye heshima zote.

"Kija alisema vinakwenda kwa wakubwa zako, baba. Sasa ningewapelekea uchafu ule, waseme mkwe wangu hana watu? Kila kimoja nimekifua mara mbili, na sabuni ya mche, hata siku kifua kilipokataa."