Vumbi Kwenye Picha ya Mama

Suqin alikuwa anachomeka vijiti vya udi mbele ya picha ya mama yake, nyumbani kwa kaka yake, alipoona vumbi jeupe limetanda kwenye kioo.

Vumbi la plasta. Alilijua. Lilijaa pia kwenye nyumba yake mpya, mpaka kaka yake, bingwa wa kulia mazishini, alipokuja kuwafukuza mafundi. "Mama hajamaliza siku mia za msiba, wewe unagonga kuta? Huna haya?" Shangazi zake wote wakaguna kumuunga mkono kaka. Tangu hapo Suqin analala kwenye sakafu ya saruji, kwa heshima ya msiba.

Akasukuma mlango wa chumba cha marehemu. Kitanda hakipo. Mahali pake pamewekwa bafu la kuogea, bado lina nailoni yake.

"Ukarabati mdogo tu, mdogo wangu," kaka alisema, kitambaa cheusi cha msiba kimebanwa kwenye mkono wa shati. "Mafundi wanagonga polepole."

"Mtoto mwema wewe," Suqin alisema. "Polepole, mama asiamke."

Akarudi kwenye udi, akapangusa kioo, akaikwapua picha ambayo kwa mila hukaa kwa mtoto wa kwanza wa kiume.

"Unaipeleka wapi? Watu watasema nini?"

Suqin alikwishampigia simu fundi wake.

"Rudi na nyundo. Mama anahamia kwangu."