Shada la Krishna

"Shemeji, shada umelipeleka wapi?" Hansa aliuliza, sindano bado mkononi.

Vinubhai, mwenyekiti wa hekalu, alimpita bila kusimama. "Mgeni rasmi amefika mapema, na hatukuwa na kitu cha kumvisha. Utatunga jingine, shemeji."

Jingine! Tangu alfajiri alikuwa akitunga asumini zile, kitambaa kimemfunika pua, kwa sababu ua la Krishna halinuswi na mtu kabla yake. Kila ua alilitia uzini kwa kulitaja jina la Krishna. Sasa alimwona mgeni kupitia dirishani, analinusa shada, anapiga chafya, kisha analivua na kulitupa juu ya kiti.

"Mnamvisha huyo kitu cha Mungu!" alifoka, hadi wapiga ngoma wakanyamaza. "Na Mungu mtamvisha nini? Hotuba?"

Akaingia ndani ya hekalu, akaketi mbele ya sanamu ya Krishna, akafumba macho. Maua yalikuwa yamekwisha, lakini bibi yake alimfundisha kwamba asiye na kitu mkononi humtungia Mungu shada moyoni, na Mungu hulipokea. Basi akatunga moyoni, ua baada ya ua, akilitaja jina. Alipoinua shada amvishe Krishna, shingo iliyoinama mbele yake ilikuwa ile nene ya mgeni.

Akaukata uzi kwa hasira, akaanza upya. Shingo ileile.

Nje watu walikuwa wakipiga makofi. Hansa akavuta kitambaa, akafunika pua tena, akanyoosha mkono mtupu kuchukua ua la kwanza.