Uzi wa Ishirini na Tano

Agyekum hakuwa na studio, hakuwa na cheti, wala mwalimu wa kumwambia picha itolewe kwa ukubwa gani. Alikuwa na picha moja nzuri, aliyoipiga kijijini kwao Bonwire, Ghana, ya nguo ya kente, ile inayofumwa kwa mkono.

Simu ililia. Alikuwa dada anayeandaa maonyesho ya picha huko Accra.

"Kaka, ukuta mkubwa ni wako, ila nataka picha ya mita tatu. Ikipungua, nampa mwingine."

Picha ilitosha mita moja tu. Agyekum akaiamuru kompyuta iikuze, nayo ikajaza yenyewe palipopungua. Nguo ikang'aa kwenye kioo cha kompyuta.

Akamwita mzee aliyeifuma aje kuona. Watu wengine hutazama picha kubwa kwa kurudi nyuma. Wafumaji husogea mpaka pua iguse. Ukucha wa mzee ukatembea juu ya kioo, uzi baada ya uzi, midomo ikihesabu.

Ukucha ukasimama.

"Hii kafuma nani?"

"Wewe, baba. Si nguo yako?"

"Yangu hapa ina nyuzi ishirini na nne. Hii ina ishirini na tano. Au mashine yako nayo imeanza kufuma? Wafumaji wenzangu watakwenda huko kwenye maonyesho na pua zao, Agyekum. Watasema nimezeeka, kuhesabu kumenishinda."

Nje, gari lililotumwa kutoka Accra kuchukua picha lilipiga honi.

Agyekum akaifuta ile ya mita tatu. Akanakili ya mita moja kwenye kadi ya kumbukumbu, akaandika kikaratasi: "Mita moja, si zaidi." Akavitia vyote katika bahasha, akalamba gundi, akaibana kwa kidole gumba mpaka ikashika, akamkabidhi dereva.