Chini ya Kanga

Pedi za kufua zilimfaa Siwema kuliko za kutupa, lakini mwezi wa pili wa kuzitumia zilianza kumwasha hata akashindwa kutulia darasani. Akamwambia bibi yake kwamba anataka kuziacha.

Bibi alichukua moja, akaibana kiganjani. "Hii mbichi. Unazianika wapi?"

"Kambani, chini ya kanga yako. Kama ulivyonifundisha."

"Basi nilikufundisha vibaya, mjukuu wangu. Jua linakausha kanga tu. Pole."

Walizifua upya kwa sabuni, wakazianika wazi zote sita katikati ya ua. Mara mpangaji wao, mzee Chande, akatoka chumbani na birika la kutawadhia. Siwema akanyakua kanga ili azifunike. Bibi akamshika mkono.

"Leo mnaanika nini, jirani?" mzee aliuliza.

"Pedi za mjukuu wangu. Zinataka jua."

Mzee Chande akaitazama kamba. Shati lake lilikuwa limening'inia pembeni, likizitia kivuli pedi mbili za mwisho. Akaweka birika chini, akaelekea kambani.