Kura ya Ukoo

Mama mkwe alifika asubuhi, hata viatu hakuvua. Akanyoosha mkono. "Nakijwa, nipe mbeleko."

Nilikuwa naifua. Watoto wote wa ukoo wa mume wangu wamebebwa kwa kitambaa hicho kimoja, na mke huanza kukiandaa mimba ikifika miezi mitano. Ndipo pia ubongo wa mtoto hupigwa picha, na majibu hutumwa kwenye simu za ukoo wote. Wana siku saba za kupiga kura kama mtoto azaliwe. Mwenye mimba hapigi, wala haoni hesabu; huambiwa na mumewe.

"Kura zimelingana, mama. Imebaki ya mwanao Eliamani."

"Daktari ameandika ubongo haukugawanyika vizuri. Hatatembea, hatasema."

"Na shemeji Yese je? Ulimbeba kwa hii hii mpaka miaka tisa!"

"Ndiyo sababu," alijibu, akishika kiuno. "Kwani mgongo ulikuwa wako?"

Hasira ilinipanda. Niliitoa mbeleko kwenye beseni ikichuruzika maji, nikajifunga tumboni, nikakaza fundo. "Haya, njoo ufungue!"

Hakusogea. Alimtazama mwanawe, aliyekuwa amekaa mezani na chai yake. Alfajiri ile mimi na Eliamani tulipiga magoti pamoja. Alimwomba Mungu amlinde mtoto wetu, akasema amina kwa sauti kubwa kuliko yangu.

"Mwambie mama yako, Eliamani. Mwambie utapigaje."

Aliilaza simu yake kifudifudi.

"Nilipiga jana," alisema.