Bunduki ya Silima

Sheha Ahmada aliikodolea macho ile fomu kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa. Koplo Nassor akanyoosha mkono kwa adabu akamgeuzia, maana alikuwa ameishika juu chini.

"Nikusomee, Sheha?"

"Kwani macho yangu yana nini?"

Macho hayakuwa na kitu. Ahmada alisoma msahafu na barua za herufi za Kiarabu bila kukwama. Hizi za Kizungu ndizo zilizomshinda, na kwa miaka minane ya usheha hakuna aliyejua. Angalau ndivyo alivyojidanganya.

Koplo akaeleza kwa mdomo. Silima wa hapa Ole anataka kununua bunduki ya marisau dukani kwa Jivraj, Chake Chake. Bunduki ipo, na fedha anazo, lakini Jivraj hana ruhusa ya kumpa hata risasi moja mpaka polisi waridhike na mwenendo wake, na polisi humsikiliza sheha. Je, ni mlevi? Aliwahi kufungwa? Ana ugomvi na mtu?

"Mengine yote kayaeleza mwenyewe humo," alisema Koplo akipanda baiskeli. "Isome kwa nafasi yako, kisha utuandikie barua."

Ahmada alibaki barazani na lile swali la tatu. Ugomvi na mtu! Mtu mwenyewe ni yeye.

Mwaka juzi, Silima alipokuwa Unguja akimuuguza mkewe, Ahmada aliyahamisha masale, ile mimea ya mpaka, hatua nne, na mikarafuu mitatu ya Silima ikaamkia upande wake. Silima aliporudi aliyatazama masale, akamtazama Ahmada, akasema, "Haya, ndugu yangu." Basi. Hakushitaki wala hakutukana. Laiti angetukana! Na huo undugu haukuwa wa mdomoni tu. Mamake Silima alifariki akimzaa, na Bi Mwanapili, mamake Ahmada, akawanyonyesha wote wawili. Ahmada alimdhulumu mtu aliyenyonya naye ziwa moja, na tangu siku hiyo akimwona kwa mbali huchepuka njia kwa aibu.

Sasa bunduki. Ya nini? Watu hununua bunduki kwa sababu ya nguruwe wanaofukua mihogo, lakini konde la Silima lina ua wa miti ambao hata paka hapenyi. Silima hana nguruwe wa kumsumbua. Ana jirani tu.

Siku ya tatu alipita Kijakazi, mwanamke wa Pujini anayepeleka makawa ya kufunikia vyakula kuuza.

"Sheha, Bi Mwanapili akwita. Mara ya tatu hii. Asema halali usiku."

"Mwambie nna kazi za sirikali."

"Ndo nilivyomwambia mara mbili zote."

"Basi mwambie na ya tatu. Wazee wote hawalali."

Kijakazi alitaka kuongeza neno, lakini Ahmada alikwishaingia ndani. Mama yake angengoja. Barua haikungoja.

Akaiandika kwa mwandiko wake mzuri wa Kiarabu. Alianza na bismillahi juu, kama desturi. Akaendelea. Silima ni mtu wa hasira za ndani, zisizoonekana. Akili yake iliyumba tangu mkewe alipougua. Si wa kuaminiwa silaha. Alipomaliza hakuweza kuisoma tena. Akaikunja mbichi, wino ukachafua vidole vyake.

Barua na fomu zikaenda polisi. Ombi likakataliwa.

Ijumaa, msikitini, Silima alikuja kuswali pembeni yake. Baada ya salamu akampa mkono.

"Wamenikatalia, Sheha. Iliyobaki ni kukata miti tu."

Kiganja chake kilikuwa kimechubuka, kina malengelenge mabichi. Miti ya nini, Ahmada hakuuliza. Uso ulimwiva kwa haya, akatoka msikitini kabla ya dua, akavaa viatu vya mtu mwingine bila kujijua.

Wiki iliyofuata alikwenda Chake Chake kununua mafuta ya taa. Jivraj alimpokea vizuri, akamletea kiti, kisha akalalamika.

"Sheha, umeninyima mteja. Polisi wamenirudishia fomu yake, hii hapa. Miaka ishirini nauza bunduki, sijaona mtu aliyeeleza haja yake vizuri namna hii. Lakini uliisoma?"

"Niliisoma."

Ahmada akainamisha macho. Siku kumi na tatu alikuwa hali wala halali vizuri, akijiambia kwamba alijikinga tu, kwamba mtu hulaumiwa kwa kutafuta kuuawa, si kwa kukataa. Alitaka kuusikia kwa masikio yake huo uongo wa nguruwe, labda aibu ingempungua.

"Hebu nisomee tena," alisema. "Nimesahau miwani."

Hakuwahi kuwa na miwani maishani mwake. Jivraj aliijua siri hiyo zamani, na hakucheka. Akaisogeza karatasi kwenye mwanga wa mlango, akawa anasoma Kizungu na kutoa Kiswahili, pole pole, kidole kikifuata mstari.

"'Silaha hii si ya konde langu. Ni ya kulindia mihogo ya mama yangu wa kunyonya, Bi Mwanapili wa Pujini. Nguruwe wanammalizia chakula, na usiku kucha anapiga debe la bati peke yake kuwafukuza. Anaye mwana mmoja wa kumzaa, mtu mwema sana, lakini ana kazi nyingi za serikali.'"