Unampikia Nani, Mama?

Mama Bouakham aliloweka mchele wa kutosha ukoo mzima, na nyumba nzima alikuwa peke yake. Kongkeo, dalali wa nyumba, alimtazama kutoka kwenye ngazi bila kushangaa. Alishazoea.

Alikuja na neno lile lile. Nyumba zote za mtaa huu wa mji wa Luang Prabang, Laos, zilishageuka hoteli na mikahawa, imebaki hii tu, na kuna mgeni anaitaka kwa bei nzuri. Paa linavuja, na kwa kuwa ni nyumba ya kihistoria inayolindwa na sheria mama haruhusiwi kuliezeka bati. Lazima atafute vigae vya kizamani, na fundi wa vigae hivyo naye keshahama. Latsamy, bintiye, anamngoja Vientiane na wajukuu. Siku hizi Kongkeo alizungumza na Latsamy kwenye simu mara nyingi kuliko mama mwenyewe, na hilo lilimuuma mama kuliko paa.

"Mzee hatarudi, mama," Kongkeo alisema taratibu.

"Najua hatarudi. Unadhani mimi mtoto?"

"Basi unampikia nani? Watawa siku hizi wanalishwa na watalii."

"Wanalishwa kiporo. Watalii wanauziwa wali wa jana pale kona, wanautia kwenye mabakuli huku wanapigana picha."

Kongkeo akacheka, akasema mama ana ulimi. Kisha akanyanyuka na kusema mgeni anataka jibu kesho asubuhi, watawa wa hekaluni wakishapita na mabakuli yao kupokea wali.

Watu mtaani walikuwa tele, wakiburuta masanduku yao ya magurudumu mchana na usiku, ila hapakuwa na hata mmoja aliyemjua jina. Zamani akipungukiwa chumvi alipaza sauti dirishani, na chumvi ikaja. Sasa akipaza sauti atakuja mhudumu wa hoteli kumuuliza kama anahitaji chumba.

Kitandani alilala upande mmoja tu, kwa mazoea. Ulikuwa mwaka wa sita tangu mumewe, Sisouk, atolewe nyumba ile. Walimnyoa nywele, wakamwogesha kwa maji ya maua, wakamvika nguo nyeupe. Vijana wakambeba mabegani hadi hekaluni, mtaa mzima ukifuata, maana wakati ule mtaa ulikuwa bado una watu. Watoto walimwambia mama yao ajivunie mume kama yule. Alijivunia, na bado alilia siku nyingi.

Aliwaza mpaka akaamua. Atauza. Amechoka kuzungumza na sufuria. Atatoa wali asubuhi kwa mara ya mwisho, kisha atamwambia Kongkeo ndiyo, aende akasikie kelele za wajukuu.

Kulipopambazuka alijifunga mtandio wake begani, akapiga magoti kando ya barabara, kikapu cha wali kikitoa mvuke mapajani. Huku na huku watalii walikuwa wameketi kwenye vigoda vya plastiki. Kijana aliyewaongoza, mgeni mjini kama wao, aliwanong'oneza kwamba bibi huyu ni mjane, kila siku anailisha roho ya mumewe. Mwanamke mmoja akafuta machozi, kisha akampiga picha. Mama Bouakham akawaacha na yao.

Kongkeo alishafika. Alisimama nyuma yake, amekunja mikono.

Watawa wakaja peku, kimya, wazee mbele na vijana nyuma. Hawakuwa wengi. Familia zilipohama, hekalu la mtaa lilikosa wa kulilisha na wa kulitumikia, likanusurika kufungwa. Abate, mkuu wa hekalu, alitangulia, Mama Bouakham akamtilia kitonge bila kuinua macho. Mtawa wa pili akafungua bakuli. Ndani mlikuwa na biskuti za kufungwa kwenye karatasi na wali wa kona, mkavu kama makapi. Mkono ulioshika bakuli ulikuwa umekonda, mishipa imesimama.

Mama Bouakham aliutazama mkono ule kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Mwambie mgeni wako siuzi," alisema kwa sauti ya chini, bila kugeuka.

Kongkeo akavuta pumzi, akaondoka.

Mama Bouakham akakata kitonge kikubwa cha moto, akakidondosha bakulini kwa uangalifu, vidole vyake vikikaa mbali na vya yule mzee. Mwanamke hamgusi mtawa, hata awe mtawa aliyezaa naye watoto watatu.